Formation ya Papa Sentinelle

Mi naitwa Kavugho. Nauzishaka maharagi ku soko ya Butembo. Nasemaka kwa nguvu, jirani bote banajua. Na ku mukutano ya bazazi, mwezi wa pili, nilisema kwa nguvu kupita bote.

Préfet, mukubwa wa masomo, shule ya batoto betu, alituambia: «Kuko formation ku Beni, siku tatu. Banafundisha batu ba masomo namna ya kuokoa mutoto mwenye anawaza kujiua. Serikali inalipa mufundishaji. Sisi tulipe safari na chakula ya balimu bane. Tutatosha ile franga ku ya portail, ile mulango mukubwa ya chuma tunachangia.»

Nikasimama. «Portail yetu? Bezi banaingia hapa kila siku, na munataka kulipa balimu baende kutembea Beni? Mutoto wa kujiua hayuko kwetu. Sisi tunasalaka!»

Batu bakapiga makofi. Donc tukakata shauri kulipia mutu moja tu. Balimu nao bakakataa, bakasema barabara ni mubaya na mitihani iko karibu. Akaenda Papa Éliakim, sentinelle mwenye analinda mulango. Nilicheka sana. Nikasema: «Sentinelle naye anaenda kusoma!»

Kumbe ile wakati nyumba yangu yenyewe haikuwa muzuri. Bwana yangu Éphraïm alikuwa ameenda Manguredjipa kutafuta zahabu. Miezi munane, hakuna habari. Binti yetu Keren, wa miaka kumi na tano, alikuwa anakula kidogo tu. Akianza kulia, nilikuwa namugombeza: «Nyamaza! Unalilia baba yako kama maiti? Baba yako ni muzima!» Mimi mwenyewe nilikuwa nalia mu choo, peke yangu.

Siku moja, siku ya tatu ya juma, Papa Éliakim akiisha kurudi toka Beni, Keren aligawa vitu vyake ku masomo. Calculatrice, mashini yake ya hesabu, akapatia mutoto mwenye anakaa mbele yake. Mupira yake ya baridi, ile sweta ya bleu, akapatia rafiki yake Jokébed. Mwalimu Onésime akamusimamisha mbele ya darasa. «Muangalie moyo ya mukristu!» Batoto bote bakamupigia makofi.

Saa sita Keren akafika ku mulango ya masomo. Mvua ilikuwa inanyesha kidogo. Akasema: «Papa Éliakim, asante kwa yote. Ubakie muzuri.»

Papa Éliakim akamuangalia. Kila siku Keren anasemaka «kesho, papa». Leo hapana. Na mupira yake iko wapi? Akamuvutia kiti, akakaa karibu naye. Akauliza pole pole, wazi: «Keren, unawaza kujiua?»

Mutoto akapanguza mvua mu uso. Kisha akajibu: «Ndiyo, papa.»

Papa Éliakim hakumupigia makelele, hakumuhubiria. Akasema: «Asante ya kuniambia. Sitakuacha peke yako.» Akaita mwenzake achunge mulango, akamuleta Keren ku soko.

Niliona banakuya, kopo ya kupimia maharagi iko mu mukono yangu. Papa Éliakim akaniita pembeni, akaniambia yote. Kopo ikaanguka, maharagi ikamwangika. Nikapiga makelele: «Ulimuuliza? Ni wewe ulimutia ile neno mu kichwa!» Soko yote ikageuka kutuangalia.

Yeye akashusha sauti. «Hapana, Mama Keren. Hata mi nilikuwa nawaza vile mbele ya kwenda Beni. Kumuuliza mutoto hakumuletei ile mawazo. Kunamusaidia aiseme. Mutoto akigawa vitu vyake na kuaga batu, tusimusifu. Tumuulize. Sasa usimugombeze, na usimuache peke yake hata dakika moja. Twende ku centre de santé, kwa baganga, kuko mama moja mwenye anasikilizaka batu ba namna hii.»

Keren alikuwa anaangalia chini. «Mama, utanipiga?»

Mungu wangu! Moyo ilinikatika. «Hapana, mutoto wangu. Tunaenda sote.» Mama Adèle, jirani wangu wa soko, akaanza kuokota maharagi.

Ku centre, ule mama, Mama Syauswa, alimusikiliza Keren saa mbili nzima. Kisha akaniambia mimi: «Fungia dawa na vitu vyote vya hatari. Lala naye chumba moja. Mumulete hapa kila juma. Na akilia, umuache alie.» Siku ile, kwa mara ya kwanza, tulimulilia Éphraïm pamoja. Siku zingine zilikuwa ngumu bado, mais tulirudi kila juma.

Mwezi wa sita, mukutano tena. Niliposimama, mutu moja akacheka: «Mama Kavugho anataka portail yake!»

Nikasema: «Portail ingoje. Balimu bote baende Beni, na secrétaire, na mama mwenye anafagia. Nilicheka sentinelle, na ninyi mulicheka na mimi. Kama hatungemulipia safari, Keren wangu hangekuwa hapa leo.»

Hakuna mutu alicheka tena. Mwalimu Onésime akasimama. «Nilimusifu ule mutoto mbele ya darasa. Mi nitaenda wa kwanza.» Mikono ikapanda, moja moja, mpaka yote.

Inje, Keren alikuwa ananingoja karibu na Papa Éliakim. Baridi ilikuwa kali.

«Mama, nimemuambia Jokébed anirudishie mupira yangu.»

«Juu ya nini?»

«Kesho asubui itakuwa baridi tena. Nitaivaa.»

Nikamukumbatia pale pale, mbele ya bazazi bote, nikalia kwa nguvu. Hakuna mutu aliniambia ninyamaze.