Nywele Alizozitupa Emilie

Upara si ugonjwa, jamani, lakini nenda kamwambie Bavon! Karani huyo wa serikali pale Kisangani alichoka kuitwa Papa Libandi, yaani Baba Kipara, akapanda ndege mpaka Uturuki, wakamchomoa nywele za kisogoni na kumpandia utosini. Akarudi na kichwa cha vidonda vidogo vidogo kama shamba la mpunga uliopandwa jana, pamoja na masharti: asiguse, asijikune, asiiname, alale ameegemea mito. Mkewe Emilie ndiye akawa mikono yake.

Baada ya wiki chache nywele zile zikaanza kudondoka. Daktari alishasema zitadondoka kwanza, kisha zitaota upya. Emilie hakutaka kuziacha uani ndege azijengee kiota, wala hakuthubutu kuzichoma. Akazifunga kitambaani, akaenda kwao Wagenia, akazitupa kwenye maporomoko ya mto. Ee Mungu, mwanamke yule! Katika ukoo wao, mke hutupa majini nywele za mume aliyekufa, ili maji yamchukue, asirudi kusumbua nyumba. Alilijua hilo. Alijiambia tu kwamba hizi zimeshakufa zenyewe, zitamdhuru nani?

Kesho yake mchana, joto likiwa limelaza mtaa mzima, Bavon alisema kitandani, macho kafumba:

"Aksanti, mama. Lakini mikono yako iko baridi."

Emilie alikuwa mlangoni na beseni la pondu, majani ya muhogo.

"Bavon," alinong'ona, "mi niko huku."

Chumba kilinuka tope na samaki. Tangu hapo, kila nyumba ilipotulia, kilisikika kitana kikipita taratibu, krr, krr, mahali pasipo na unywele wa kuchana, na Bavon, aliyekatazwa hata kujikuna, alikaa wima, akihisi vidole vikimpasua njia utosini, na kila alipotaka kupiga kelele kinywa kilimjaa maji yenye mchanga, akayameza, huku Emilie akimshika miguu na kulia kwa kuwa hakuona chochote cha kufukuza.

Emilie akakimbilia kwa Mwalimu Rachidi, mtu wa Maniema anayewasomea dua wenye majini.

"Zile nywele ulipeleka wapi?"

"Ku maji, Mwalimu."

Rachidi akajishika kichwa. "Mama, ulizika mutu muzima! Jini ya maji inajua sasa huyu hana mwenyewe. Alors, uzitafute weye mwenyewe, kabla haijamaliza kumusuka. Ikimaliza, mi sina dawa."

Kaka yake Emilie, Jeancy, ni mvuvi. Akapandisha mitego yake mmoja mmoja, Emilie akipekua samaki kwa mikono, akiomba Mungu kwa sauti. Katika mtego wa mwisho kilikuwemo kitambaa, bado na fundo lake. Emilie akalifungua kwa meno. Vinywele vile vifupi vilikuwa vimegeuka msuko mmoja mrefu, mweusi, uliofungwa vizuri mwishoni.

"Nani alisuka hivi?" Jeancy aliuliza, akirudi nyuma.

Emilie alikuwa ameshaanza kukimbia.

Nyumbani alimkuta Bavon ameinama mbele ya kioo, anatabasamu. Nywele zilijaa kichwa kizima, zimesukwa mpaka mabegani, zinachuruzika maji. Emilie akaita jina lake huku akilia. Bavon hakugeuka. Aliinua macho kwenye kioo, akatazama juu ya bega lake, pale pasipo na mtu.

"Emilie," akauliza kwa upole, "nani huyu analia kwa mulango?"