Panya Mwenye Pengo Sikioni

"Ndugu wanasayansi, taifa linatutazama," Kamili alitangaza, kifua mbele kama mgeni rasmi. Taifa lenyewe lilikuwa klabu ya sayansi ya shule: Frank, Lusia, Mwalimu Evelina na panya wawili weupe walioazimwa kutoka kituo cha utafiti.

Panya hao walifanana kama mapacha. Wa kizimba A alikuwa mzima. Wa kizimba B alizaliwa na hitilafu katika jeni moja, hivyo seli zake nyeupe za damu zilikosa protini fulani.

"Kazi ya protini hiyo tutaijua kwa kuona kinachokwama ikikosekana," Mwalimu alikuwa amewaambia wiki iliyopita. Wote wawili waliletwa na mchubuko unaolingana mgongoni.

Sasa B alikuwa amepona. A, yule mzima, kidonda chake kilikuwa wazi bado.

Macho yote yakamwendea Lusia, msafishaji wa vizimba.

"Labda hanawi mikono," alisema Frank.

"Au anampendelea B," Kamili akadakia. "Watoto wa wafugaji wana siri zao."

"Lusia," alisema Mwalimu, "kama ni uchafu, nitakutoa kwenye klabu."

Lusia alifungua kizimba A. Alimtoa panya mgonjwa, akampapasa masikio.

"Mwalimu, kwetu Kharumwa ng'ombe hatumtambui kwa karatasi, tunamtambua kwa sikio. Siku wanaletwa, mwenye pengo sikio la kushoto alikuwa B. Ndiye huyu. Kadi za vizimba zimebadilishwa."

Mwalimu alifungua daftari la kituo. Kweli, B: pengo, sikio la kushoto. Akakitazama kidonda. Hakikuwa na usaha hata chembe.

"Usaha hutokana na seli nyeupe; basi zimo kwenye damu, ila hazifiki kidondani. Protini ile ndiyo inayoziwezesha kutoka kwenye mshipa." Akageuza kadi. "Hii imebandikwa kwa uji."

Frank akamtazama Kamili. Lusia naye akamtazama. Zamu ya kukoroga uji wa shule wiki hiyo ilikuwa ya Kamili.

"Kazi ya protini tumeijua kwa kukosekana kwake," Mwalimu alisema taratibu. "Na ukweli ni hivyohivyo. Umekosekana humu siku chache tu, na mtu asiye na kosa karibu afukuzwe."

Kifua cha Kamili kilikuwa kimesharudi ndani.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilitaka tucheke tu. Frank aliposema ni Lusia, niliogopa, nikaona nami niseme ni yeye. Nisamehe, Lusia. Vizimba nitasafisha mimi hadi tufunge shule."

"Na mikono utanawa," alisema Lusia. "Nitakagua."