Mikaratusi ya Murugi

Murugi alikuwa akimkatia ng'ombe majani alipomwona mwanamke asiyemjua akipanda kutoka bondeni, viatu mkononi, matope hadi magotini.

"Habari yako, anti? Umeanguka?"

"Bado nimesimama!" mgeni alicheka. "Naitwa Gaceri, natoka Meru. Kazi yangu ni kupanga miji. Nyinyi huteka maji wapi?"

Murugi alifurahi. Kijiji chao, karibu na Wamagana, kilikuwa kikiungoja mji mpya wenye zahanati, njia za miguu zenye kivuli na soko lenye paa. Soko likija, mama hatabeba tena kabeji hadi Nyeri.

Alimpeleka kwenye chemchemi. Maji yalikuwa yakidondoka kama jasho. Gaceri aliitazama mikaratusi iliyojipanga kando ya kijito.

"Miti hii inakunywa kuliko ng'ombe wenu wote. Maji yakikauka, mji utajengwa kwingine."

Murugi aliigeukia mikaratusi. Mstari mzima wa miti hiyo ulikuwa wake. Baba yake, Ngatia, alimpa miche akiwa mdogo. Mwakani wangeiuza iwe nguzo, naye anunue baiskeli ya kwendea shule.

Jumapili, baada ya ibada, watu walikutana nje ya kanisa. Gaceri aliwaomba waondoe mikaratusi na kupanda mikuyu na mianzi mahali pake.

"Nikate yangu, ya Mathenge ibaki?" aliuliza Mzee Kahiga. "Aanze yeye!"

"Ati mimi?" Mathenge alimjibu jirani yake. "Anza wewe uliye na msitu!"

Kelele zilipanda. Gaceri akaanza kukunja ramani yake. Murugi alisimama.

"Ya kwanza itakuwa yangu. Nitaikata yote Jumamosi asubuhi."

"Na baiskeli je?" Mathenge alimtania. "Utapanda upepo?"

Watu waliangua kicheko.

"Nitatembea," Murugi alijibu.

Kicheko kilikatika. Mzee Kahiga alivua kofia. "Sawa. Tukiona umekata, tutakufuata."

Jumamosi ukungu ulikuwa haujainuka Murugi alipofika kijitoni na panga. Hakukuwa na mtu. Miti ilikuwa minene kama mkono wake. Ikikatwa sasa, ni kuni tu. Aliupapasa wa kwanza, akafuta machozi, akakata.

Ulipoanguka wa tatu, alisikia shoka ng'ambo. Ko! Ko! Alikuwa Mzee Kahiga. Mara Mathenge akatokea na msumeno, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbovu. Kufikia adhuhuri, bonde zima lilikuwa likifanya kazi.

Gaceri aliitandaza ramani juu ya kisiki. "Nimewapigia simu wakubwa wangu. Mji utajengwa hapa, na chemchemi itakuwa katikati yake!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Kwa desturi yao, mtoto wa kiume hupokewa kwa vigelegele vitano, wa kike kwa vitatu. Nyanya yake Murugi aliinua mkono vilipofika vitatu.

"Msiishie hapo! Leo msichana huyu anapata vitano!"

Baba alimshika Murugi begani. "Kila mtu alitaka mji, mwanangu, lakini kila mtu alimngoja jirani. Jambo jema huhitaji mtu wa kuanza, na neno lake liwe neno." Kisha akautazama mkaratusi mmoja uliobaki kwenye mstari wa Murugi, mrefu kuliko yote. "Huu tuuache? Hakuna atakayelalamika."

Murugi aliutazama hadi kileleni.

"Nilisema yote, Baba," alisema, akaokota panga.