Siku Mke Wangu Aliponikatia Ubunge

"Msimpitishe! Mume wangu hafai tena kuwa mbunge wenu!"

Jamani... ile sauti ilikuwa ya mke wangu. Mke wangu wa ndoa!

Wajumbe wote wa chama wakamgeukia. Mimi niko mbele na kipaza sauti, miaka ishirini na tano bungeni, naomba muhula wa mwisho... na mama watoto wangu kasimama safu ya tatu. Wala hakai!

"Mama, una uhakika?" mwenyekiti akamuuliza.

"Nina uhakika. Mpeni mwingine."

Kura zikapigwa. Nikaangushwa vibaya mno.

Ndugu zangu, niliingia bungeni nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, na suti ya kuazima kwa shemeji. Watu wa bondeni, kwenye jimbo langu, ndio walionibeba. Serikali ilipoleta muswada wa kuwahamisha, niliupinga miaka miwili mpaka sauti ikakauka. Siku ya kura nikasema HAPANA. Ukapita, lakini mimi nilisema HAPANA!

Halafu maneno yakazagaa mtaani kwamba nimehongwa. Sasa na mke wangu naye!

Nilifika nyumbani nimefura.

"Nani kakununua wewe?"

"Hakuna, Baba Watoto."

"Basi toka kwangu! Funga virago!"

Hakufunga. Alikaa kwenye kochi, akafungua simu yake.

"Kaa hapa uangalie."

Ilikuwa video ya bungeni, siku ya kura ya ule muswada. Karani anaita majina, mmoja mmoja. Jina langu likaitwa. Nikajiona nasimama, nimefunga vifungo vya koti vizuri, natabasamu...

"NDIYO!"

Mbunge wa jirani ananivuta koti. Mimi namshangaa tu.



"Hii wametengeneza!"

"Nilikuwepo, mume wangu. Nilikaa juu, kwenye viti vya wageni."

"Mbona sikumbuki?"

Akafuta machozi kwa kiganja. "Daktari alituambia mwaka juzi. Kumbukumbu zako zinakatika, na zitazidi kukatika. Tukakubaliana hutagombea tena. Siku ya tatu ukawa umesahau."

"Si ungenikumbusha!"

"Nilikukumbusha mara nne. Na mara zote nne ulilia kama ndiyo kwanza unaambiwa." "Ya tano nilishindwa."

Wasomaji wangu, nililia. Kumbe ilikuwa mara ya tano.

Kesho yake asubuhi nikamwambia, "Nipeleke bondeni kabla hii nayo haijapotea."

Kila ukuta ulikuwa na alama nyekundu ya kubomolewa. Mama mmoja muuza mkaa, aliyenipigia kampeni tangu muhula wa kwanza, alikuwa anang'oa mabati yake mwenyewe. Nikamweleza yote. Ugonjwa, kura, video. Nikapiga magoti kwenye vumbi.

Akanitazama bila hasira. Heri angenitukana!

"Pole, Mheshimiwa," akasema. "Lakini ugonjwa wako utanijengea nyumba?"



Mke wangu anasema kosa ni lake pia. Alinifichia aibu, akanivalisha koti, akanipeleka kazini wakati alijua. Labda. Lakini mimi ndiye niliyeng'ang'ania kile kiti mpaka watu niliowatetea wakavunjiwa nyumba.

Kama kuna mkubwa wenu ameanza kupoteza kumbukumbu, awe baba, bosi au kiongozi, msimfichie mkidhani ndiyo heshima. Mwambieni. Akilia, mwambieni tena. Na kama ana dhamana ya watu, waambieni na hao watu.

Binti yangu ndiye anayeniandikia haya, nami nayasoma kwa sauti kabla hajayaweka hapa.

Na mkinisikia kesho nikijisifu kwamba nilisema HAPANA... tafadhali, msinionee huruma. Nisahihisheni!