Kiu Iliyopanda Ukuta

Mwezi wa saba, kwenye vilima vya Dongobesh, nguo hazikauki. Ukungu huingia asubuhi na kushinda uani kama mgeni asiye na kwao, na mama mwenye mtoto mchanga huzigeuza nepi juu ya moto hadi zinuke moshi. Kwa hiyo Oliva alipoona nepi za mwanawe Isidori zinakauka kabla uji haujachemka, alifurahi. Zilikauka kwenye kamba moja tu, ile iliyopita karibu na ukuta wenye mmea.

Mmea huo aliupanda mwenyewe. Nyumba yao ilikuwa ya tofali za kuchoma, haijapigwa lipu, na kwenye simu alikuwa ameona nyumba za nchi za mbali zilizovikwa majani kuanzia msingi hadi paa. Akashuka kwenye chemchemi iliyo chini ya shamba, akang'oa mmea wa kutambaa uliokuwa umelala juu ya maji, akaja kuupanda chini ya dirisha na kuuegemeza ukutani kwa uzi.

Bernadina, mama mkwe wake, alimtazama kutoka mlangoni.

"Umeuomba kwa nani?"

"Mama, ni majani tu."

"Kwenu labda. Hapa kitu cha chemchemi kina mwenyewe. Lakini wewe una cheti cha fomu foo, utamsikiliza mchunga mbuzi kama mimi?"

Oliva akakaza uzi. Tangu mume wake Hilary aende Babati kwenye kazi ya ujenzi, wanawake hao wawili walipikiana chakula na kunyimana maneno.

Mmea ulikua. Baridi iliyodumaza maharage haikuudumaza wenyewe. Ulishika tofali kwa mizizi midogo, ukapita dirisha, ukafika kwenye bati, na majani yake yalikuwa yamelowa hata siku ya jua. Kisha maji ya dumu jikoni yakaanza kupungua bila mtu kuchota. Kisha ng'ombe akakatika maziwa, naye alikuwa na ndama mdogo. Oliva alipopita karibu na ukuta alisikia harufu ya tope la chemchemi, na ndani ya tofali akasikia sauti ndogo, kama ya mtu anayefyonza uji wa moto polepole, asiye na haraka.

"Mama, unasikia?" alinong'ona.

"Nimesikia tangu juzi," Bernadina alijibu, naye akinong'ona. "Nilikuwa nangoja usikie wewe."

Siku iliyofuata maziwa ya Oliva yalikauka.

Isidori alinyonya, akaachia, akalia, na Oliva akaona kwamba mtoto analia bila machozi. Jirani alimletea kibuyu cha maziwa. Alipoyamimina kwenye sufuria yalikauka papo hapo, ukabaki ukoko. Alinyunyizia ukuta maji ya baraka, yakanywewa kabla hayajateremka. Akamfunga mtoto mgongoni aende zahanati, lakini kwenye mpaka wa shamba Isidori akalegea kama kitambaa, na hakuzinduka mpaka aliporudishwa uani.

Hapo Oliva akamwachia Bernadina mtoto ndani, akachukua panga. Alilipiga shina karibu na ardhi, mara moja tu, likakatika, na kilichotoka hakikuwa utomvu, kilikuwa cheupe na cha vuguvugu, chenye harufu ya utamu aliyoijua kwa sababu kwa miezi yote ile ilikuwa kwenye blauzi yake mwenyewe, na kilipokuwa kikimwagika juu ya miguu yake akasikia ndani ya nyumba kilio cha mtoto kikikatika, si kama mtoto aliyelala, bali kama redio iliyozimwa, na Bernadina akasema kwa sauti ya chini, "Hapumui," ndipo Oliva akaanguka magoti, akazishika ncha mbili za shina lile na kuzibana pamoja kwa mikono yote miwili, akazibana na kuzibana, mpaka chini ya viganja vyake akahisi zikishikana, na mtoto akakohoa.

Bernadina alimpigia simu Mzee Bura, mganga wa Gehandu. Alifika kwa bodaboda, na kofia yake ya sufu masikioni.

"Shikamoo mzee," Oliva alisema.

"Marahaba, mwanangu." Hakuusogelea ukuta. "Watu wa pwani wangemwita jini. Sisi tunamwita netlangw. Ulimtoa majini ukamwegemeza kwenye tofali kavu. Anakunywa anachokikuta, na atakimaliza."

"Tufanye nini?"

"Arudishwe. Ang'olewe kwa mikono, mzizi mmoja mmoja, mzima, na abebwe hadi chemchemi." Akaivuta kofia chini zaidi. "Ila hatembei bila kunywa. Anayembeba ndiye anayemnywesha, kwa maji ya mwili wake, mpaka majini."

"Nitambeba mimi," Oliva alisema. "Niliyemleta ni mimi."

"Umnyweshe nini?" Bernadina aliuliza. "Umekauka kama gunzi. Ukidondoka njiani, huyu mtoto nani atamnyonyesha? Mimi?" Alijipiga kifua chake bapa, akacheka bila furaha. "Nipishe."

"Mama—"

"Usiniite mama leo. Sikufanyii wewe. Namfanyia mtoto wa Hilary."

Alimtazama Mzee Bura. Mzee akatazama chini.

Wanawake hao wawili wakaung'oa mmea, na kila mzizi ulipoachia tofali ulitoa sauti ya mdomo unaoachishwa titi. Bernadina akajizungushia mmea mabegani juu ya mgolole, raundi kwa raundi, na majani yakatulia shingoni pake kama yaliyozoea. Akaanza kushuka. Kwenye mgomba wa kwanza alikuwa bado ameinua kichwa. Kwenye wa pili mgongo ulikuwa umepinda. Kisha ukungu ukamfunika.

Oliva alikaa kizingitini akamweka Isidori kwenye titi tupu.

"Mzee, atarudi?"

"Mnyonyeshe mtoto."

"Nimekuuliza, atarudi?"

Mzee Bura alimpa mgongo.

Chini kule kulikuwa kimya. Oliva aliwaza kwamba njia si ndefu. Akikimbia sasa atamfikia, atamvua ule mzigo, watakaa chini wote wawili kwenye nyasi na kugombana kama jana. Alikuwa ameshaegemeza mkono ardhini ainuke, ndipo maziwa yalipokuja. Yalikuja kwa nguvu, yakauma, yakalowanisha blauzi. Isidori alipaliwa, akameza, akameza tena, na chozi moja lililojaa likamtoka, likateremka hadi sikioni.

Mzee Bura akavua kofia yake.

Oliva alimwona. Akautoa mkono ardhini, akainamisha uso, akamhamishia mtoto kwenye titi la pili.