Mabano ya Kisasa

Kila Ijumaa baada ya masomo, chama cha kompyuta kilijazana kwenye chumba kilicho nyuma ya maktaba, na soga zikianza humo hazizimiki. Ijumaa hiyo walikuwa wakimalizia mchezo wa herufi wa darasa la awali. Msichana waliyemwita Chapuchapu alipewa kazi ya kuandika skripti, yaani faili la amri zinazoiambia kompyuta iunganishe maswali na picha kuwa mchezo mmoja.

Aliiandika kwenye kompyuta mpya ya shangazi yake, ambaye ndiye mwalimu wa chama. Kila penye sharti, yaani pale kompyuta inapokagua jambo kabla ya kuendelea, aliweka mabano mawili mawili kila upande, mtindo wa kisasa. Mashine ikakubali bila kinyongo.

“Umeijaribu kwenye kompyuta ya wadogo wa darasa la awali?” shangazi akauliza.

Chapuchapu alikunja uso. Kompyuta ile kuukuu! Kibodi imegandiwa na soda, nywele za watu zimejisokota kati ya vitufe, vinyesi vya mende pembeni. Asubuhi aliigusa, kidole kikanata, akakimbilia kunawa.

“Ndiyo, shangazi. Iko sawa.”

Jumatatu watoto wadogo wakaizunguka mashine. Mdogo wake Chapuchapu alikuwa mbele kabisa, akitamba, “Dada yangu ndiye katengeneza!”

Shangazi akaendesha skripti. Mchezo ukafunguka, lakini mahali pa picha palikuwa peupe.

“Dada yako katengeneza ukuta!” mwenzake akamcheka. Mdogo mtu akaangua kilio.

Shangazi akasoma skrini. “Mashine hii ya zamani inajua bano moja moja tu kila upande. Mabano yako haikuyaelewa, ikaruka sehemu ya picha. Kweli uliijaribu?”

“Hapana, shangazi,” Chapuchapu akanong’ona. “Ile kibodi inatia kinyaa.”

“Inatia, hata mimi. Lakini uongo wako umenitia kinyaa zaidi.”

Chapuchapu alichukua kitambaa chenye maji ya sabuni, akakikamua vizuri. Akasugua kibodi huku amebana pua, akitoa vitu ambavyo hakutaka kuvijua. Kisha akaketi hapo hapo, akabadilisha mabano na kuendesha skripti upya. Kuku akajitokeza kando ya herufi K, watoto wakapiga kelele chumba kizima.

“Mtindo mpya si kosa,” shangazi akamwambia. “Lakini kazi ya watu ijaribu kwenye mashine watakayoitumia wao, hata kama inanuka. Na kama hukuijaribu, sema hukuijaribu.”