Ua la Kumi na Mbili

Enid Pilbeam alifika kwenye jumba la kale saa kumi jioni, giza la Desemba likianza kuingia. Alikuja kuhesabu maua tu.

Binti yake, Tamsin, alikuwa akishona nakala ya koti la kitani lililotariziwa miaka mia nne iliyopita. Miezi mitatu nyuma alikutwa ameilalia kazi yake, mwili umepoa, sindano ingali vidoleni. Madaktari walisema ni moyo. Enid akaapa mbele za Mungu kuimaliza nakala hiyo kabla ya ibada ya kumbukumbu, Jumapili. Hakuwa na kitu kingine cha kumfanyia mwanawe.

Bwana Hebden, mtunzaji wa jumba, alilitandaza koti mezani, chini ya picha ya bibi aliyelivaa zamani.

"Kwenye picha naona maua manane kifuani," Enid alisema. "Lakini Tamsin aliandika daftarini kwamba koti lina kumi na moja."

"Ah, mama, wachoraji hao! Mtu akichoka na maua anapaka kivuli, anakwenda zake kunywa bia." Hebden akacheka. "Watafiti wote husema hivyo. Hata Tamsin. Tulikuwa tunamcheka mchoraji huyo pamoja." Kisha kicheko kikamwisha. "Pole sana, mama. Ngoja nikuletee chai."

Akatoka. Enid akahesabu.

Kumi na mbili.

Akahesabu tena, polepole. Kumi na mbili...

Akafanya afanyavyo kila mshonaji: akageuza upande wa ndani, maana upande wa nje mshono unaweza kudanganya. Maua manane yalishonwa na mkono mmoja. La tisa, mkono mwingine. La kumi, mwingine. La kumi na moja, mwingine tena.

Mchoraji hakuwa mvivu. Alichora alichokiona: siku zile maua yalikuwa manane.

La kumi na mbili, mishono yake ililala kinyume, kama ya mtu wa mkono wa kushoto. Na uzi haukuanzia kwenye fundo, bali kwenye mishono mitatu midogo kama punje za mchanga. Tamsin alitumia mkono wa kushoto, na Enid ndiye aliyemfundisha kuanza hivyo, alipokuwa mtoto wa miaka sita.

Harufu ya nywele zilizooshwa ikapanda kutoka kwenye kitani. Aliijua.

"Ee Bwana," alinong'ona. "Mwanangu yumo humu."

Akatoa mkasi mdogo mkobani. Kukata kazi ya kale ni jambo ambalo mshonaji halifanyi. Akakata. Akauzungusha uzi wa kijani kidoleni, akavuta. Mshono wa kwanza... wa pili...

"Mama."

Sauti ilikuwa karibu na sikio.

"Unaniumiza."

Enid akaacha kuvuta. "Tamsin? Nakufungua, mwanangu. Vumilia kidogo."

"Ukinifumua... nitakwenda wapi?"

Miaka thelathini alikuwa akiwafariji wafiwa kanisani, na jibu la swali hilo alikuwa nalo kila mara. Sasa aliuliza yeye.

"Basi nifanye nini? Niambie, mwanangu. Niambie nifanye nini!"

Ukumbini, vikombe viligongana. Hebden alikuwa anarudi.

Ndipo uzi ukakazwa. Kitu kilikuwa kinauvuta kutoka upande wa pili wa kitambaa, taratibu, kama mshonaji anayekaza mshono. Kidole cha Enid kikagusa kitani.

Kitani kilikuwa na joto, kama ngozi.

Hakuuachia uzi. Ua la kumi na tatu lingekaa karibu na la mwanawe.